Kamera za gari zimegoma: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Basi au lori likiletwa gereji kwa malalamiko ya "kamera mbovu", mara nyingi kamera zenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni umeme unaozifikia: waya mwembamba, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) iliyofungwa juu ya rangi, fyuzi iliyoungwa pamoja na chaja za simu. Kwa hiyo kabla hujamwambia tajiri aagize kamera nyingine Dar es Salaam, shika mita na upime. Kamera mpya kwenye umeme mbovu itagoma vilevile, tena mbele ya mteja aliyekwisha kulipa.

Hapa tunazungumzia rekoda (mashine za kuhifadhi picha za kamera) za chaneli nne hadi nane zinazofungwa kwenye mabasi, Costa, Hiace na malori, zenye kamera za waya wa pini nne, pamoja na kamera ndogo za kioo cha mbele zinazotumia memori kadi. Uwe na mita ya digitali, balbu mbili za breki za wati 21 zilizofungwa nyaya (balbu moja ya volti 12, nyingine ya volti 24), skrini ya inchi 7, fyuzi za ampia 3 na 5, na kamera moja unayoijua ni nzima pamoja na waya wake wa mita 5. Hiyo kamera ya kujaribia itakuokolea muda kuliko kifaa kingine chochote kwenye sanduku lako.

Rekoda haiwaki kabisa

Anza na kufuli. Rekoda nyingi za magari zina tundu la ufunguo mbele, na kufuli likiwa wazi mashine haiwaki au haianzi kurekodi. Imewekwa hivyo makusudi, ili diski isichomolewe wakati inaandika. Kondakta akifungua kutafuta kadi kisha asifunge, rekoda inabaki kimya hata kama umeme ni mzuri.

Kufuli likiwa sawa, nenda kwenye nyaya tatu: umeme wa kudumu kutoka betri, umeme wa swichi, na ethi. Usiamini rangi. Kwenye rekoda nyingi nyekundu ni ya kudumu na ya njano ni ya swichi, lakini kwenye redio za magari na seti nyingi za nyaya za kamera za kioo cha mbele ni kinyume: njano ndiyo ya kudumu, nyekundu ni ya swichi. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye waya au kwenye mgongo wa mashine. B+ au BATT ni ya kudumu, ACC ni ya swichi, GND ni ethi. Mtu akizigeuza, rekoda huenda ikawaka vizuri ukiwa umesimama hapo, kisha ikakatika ghafla dereva anapozima gari, na faili la mwisho likaharibika kila siku.

Pima kwenye plagi ya rekoda yenyewe, siyo kwenye betri. Gari likiwa limezimwa, waya wa kudumu usome kati ya volti 12.4 na 12.7, au 24.8 hadi 25.4 kwa gari la betri mbili, na waya wa swichi usome sifuri. Ufunguo ukizungushwa, zote mbili zisome. Injini ikiunguruma, tarajia 13.8 hadi 14.4, au 27.6 hadi 28.8. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: unganisha ile balbu ya wati 21 kati ya waya unaoupima na ethi, uangalie mita balbu ikiwa imewaka. Waya uliooza ndani au kiungo chenye kutu kitaonyesha volti 25 safi bila mzigo, na balbu ikiwekwa zinashuka hadi 15 au chini yake. Mita peke yake haivuti umeme wa kutosha kukuonyesha hilo.

Ethi ipimwe peke yake. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye waya wa ethi wa rekoda, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu. Usifunge ethi kwenye skrubu ya kiti au fremu ya paa la basi. Fremu hizo zimeungwa vipande vipande, na hakuna anayejua umeme unapita wapi.

Vyote vikiwa sawa na bado haiwaki, ing'oe uijaribu mezani: betri moja, waya wa kudumu na wa swichi vikiunganishwa pamoja kwenye chanya, ethi kwenye hasi. Ikiwaka hapo, rudi garini ukatafute tatizo. Isipowaka, imekufa.

Inawaka, inazima, inawaka tena

Kama inajizima wakati wa kupiga stata tu, tazama betri na tazama waya wa swichi ulipotolewa. Magari mengi hukata mstari wa ACC kwa sekunde chache stata inapozunguka. Ukiwa umeweka muda wa kuchelewa kuzima kuwa sifuri, rekoda itadhani gari limezimwa. Weka angalau dakika 5 na tatizo linakwisha.

Betri dhaifu ni habari nyingine. Rekoda nyingi hufanya kazi kuanzia volti 8 hadi 36, hivyo gari la volti 24 lina nafasi kubwa. Kwenye Noah au Hiace ya volti 12 nafasi ni finyu. Asubuhi ya Juni au Julai pale Njombe au Makambako, oili ni nzito, betri imepoteza sehemu ya nguvu kwa baridi, na stata inazungushwa muda mrefu. Volti zikishuka chini ya 8, rekoda inaanza upya. Weka mita kwenye kumbukumbu ya kiwango cha chini, piga stata, usome. Zikishuka chini ya 9.6 betri hiyo inahitaji kupimwa, na rekoda imekufanyia hisani ya kukuonya mapema.

Kama inajizima ukiwa njiani, tazama unene wa waya. Basi la mita 12 lenye betri nyuma na rekoda kwa dereva lina safari ya mita 24, kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.84 kwa urefu huo. Rekoda na kamera zikivuta ampia 2, unapoteza volti 1.7 njiani. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza kama volti 0.55 tu. Kwenye volti 24 zote mbili zitawaka siku ya kwanza. Tofauti inakuja viungo vinapoanza kushika kutu na hasara ikaongezeka juu ya hasara. Tumia 1.5 ya shaba tupu. Ukikwaruza uzi wa waya ukaona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenye duka.

Fyuzi ya ampia 5 iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 20. Ikiwekwa karibu na rekoda inailinda rekoda, lakini mita kumi na mbili za waya zinazopita chini ya viti hazina ulinzi, na shoti ikitokea hapo basi linaweza kuungua.

Chanzo kingine ni diski. Diski ya kuzunguka inayoanza kufa huvuta umeme mwingi inapojaribu kuzunguka na huiangusha mashine. Ichomoe, washa rekoda bila diski kwa nusu saa. Ikitulia, umempata mkosaji.

Gari la volti 24 na mtego wa betri ya katikati

Hili linaua betri za malori ya watu, na linafanywa na mafundi wenye nia njema. Fundi ana kamera ya volti 12, gari ni Fuso au Scania yenye betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo, naye anachukua umeme kwenye betri moja tu. Kifaa kinawaka. Lakini betri hiyo sasa inatoa zaidi kuliko mwenzake, na altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ile iliyonyonywa haijai, nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekwisha, na hakuna anayekumbuka kamera.

Pima kila betri peke yake gari likiwa limepumzika usiku mzima. Tofauti ikifika nusu volti, fuatilia kila waya unaotoka katikati. Dawa ni kifaa cha kupunguza umeme kutoka 24 kwenda 12, chenye uwezo wa angalau ampia 5, kilichofungwa kwenye ncha mbili za nje.

Costa nyingi zilizotoka Japani zikiwa na injini ya dizeli ni za volti 24, Hiace ni 12. Pima hata hivyo. Kuna magari yaliyobadilishwa mifumo kabla hayajakufikia.

Asubuhi gari halipigi

Rekoda yenye kamera nne na taa zake za usiku hutumia karibu wati 18. Kwenye volti 12 hiyo ni ampia 1.5, na kwa usiku wenye urefu wa saa nane ni ampia-saa 12. Betri ya Noah ya ampia-saa 45 ikiwa imechoka haiwezi kuvumilia hilo na baridi ya Mafinga kwa pamoja.

Tafuta kwanza muda wa kuchelewa kuzima. Wengine huweka saa 24 wakitaka gari lirekodi limeegeshwa. Dakika 10 hadi 30 zinatosha kwa gari la abiria. Mwenye gari akishikilia kurekodi usiku kucha, weka kikomo cha volti: 12.0 kwa betri moja, 24.0 kwa mbili, na umwambie wazi kwamba betri yake itachoka mapema.

Kisha pima mvuto halisi. Zima gari, subiri muda wa kuchelewa uishe, chomoa fyuzi ya rekoda, weka mita kwenye kipimo cha ampia 10 mahali pa fyuzi. Isomeke miliampia chache, makumi machache kwa rekoda yenye kifuatiliaji ndani. Ikisoma nusu ampia, waya wa swichi umefungwa kwenye mstari usiozimika, au kuna kamera yenye umeme wake wa pembeni. Usipige stata mita ikiwa bado imo kwenye njia.

Kuna na upande wa pili: dereva anayezima swichi kuu ya betri kila anapoegesha. Kama waya wa kudumu wa rekoda umetolewa baada ya swichi hiyo, rekoda inakatwa kabla haijafunga faili. Dakika za mwisho zinapotea, na siku moja diski nzima inagoma kusomeka. Kwenye basi na lori la mizigo ya kawaida, toa waya kabla ya swichi kuu, na fyuzi yake papo hapo. Kwenye matangi ya mafuta yanayopita kwenda Tunduma, usifanye hivyo hata mwenye gari akikusihi. Swichi ile ipo ili tangi liwe halina umeme kabisa panapovuja. Hapo mwelekeze dereva azime ufunguo, asubiri taa ya kurekodi izime, ndipo akate swichi kuu.

Kamera moja haionyeshi

Badilisha nafasi. Chukua plagi ya kamera isiyoonyesha, ichomeke kwenye chaneli inayofanya kazi. Giza likihama nayo, kosa liko kwenye kamera au waya. Likibaki pale pale, kosa ni la chaneli au mpangilio wake. Sasa chomeka kamera ya kujaribia mwisho wa waya ule ule: ikionyesha, kamera ya zamani imekufa, isipoonyesha, waya ndio wenye kosa. Dakika tano, na huna haja ya kung'oa dari ya basi.

Plagi za pini nne hubeba volti 12, ethi, picha na sauti. Zina mfereji wa kuelekeza na pete ya kukaza. Fundi mwenye haraka akiisukuma kwa nguvu pini inalala, na asiyekaza pete ataona picha inakatika kwenye kila tuta.

Picha ikitokea bila rangi, au ikiwa inatembea juu chini, au skrini ikiandika kwamba hakuna ishara wakati volti 12 zipo, hapo kuna mgongano wa lugha kati ya kamera na rekoda. Kamera za AHD (picha kali) za 720P na 1080P, na zile za zamani za CVBS (picha ya kawaida), hazifanani. Ingia kwenye mpangilio wa kila chaneli, chagua aina sahihi, kisha hakikisha mfumo wa picha, PAL au NTSC, ni mmoja kwa zote.

Mchana nzuri, usiku inapotea

Giza likiingia, taa za infraredi za kamera huwaka na mvuto huongezeka, mara nyingi zaidi ya maradufu. Waya mwembamba wa mita 15 au 20 uliokuwa ukitosha mchana sasa hautoshi. Funika jicho la mwanga la kamera kwa kidole mchana huohuo, pima volti kwenye mwisho wa waya. Zikishuka chini ya 11 badilisha waya, au ipelekee kamera umeme wa volti 12 kutoka karibu, kupitia kifaa cha kupunguza.

Ikiwa usiku picha haipotei bali inakuwa nyeupe kama maziwa, kamera iko nyuma ya kioo na mwanga wake unairudia. Zima infraredi kwenye kamera ya mbele. Taa za gari zinatosha.

Mistari inayotembea kwenye picha

Zima injini, acha ufunguo kwenye ACC. Mistari ikitoweka, inatoka kwenye altaneta, na tiba ni kuvuta umeme wa rekoda moja kwa moja kutoka betri badala ya kwenye sanduku la fyuzi. Ikibaki, zima kimoja kimoja: inveta ya kuchajia simu za abiria, taa za LED za mapambo, redio. Inveta za bei ndogo ndizo zinazoongoza kwa kelele.

Jaribio la mwisho ni kuifungua kamera skrubu na kuishika hewani isiguse bodi. Picha ikisafika mara moja, umeme wa ethi unapita njia mbili, kwenye waya na kwenye bodi. Weka mpira chini ya kamera na skrubu zenye kola ya plastiki.

Ukungu ndani ya lenzi

Barabara hizi zina adhabu yake. Gari linatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, linapanda Kitonga, na ndani ya muda mfupi hewa imepoa. Au linatoka Kyela karibu na ziwa, linapanda Tukuyu penye mvua nyingi, mpaka Uyole. Kamera isiyoziba vizuri hunyonya hewa yenye unyevu inapopoa, na unyevu huo unaganda kwenye kioo.

Mara nyingi maji hayaingii kwenye lenzi bali kwenye kiungo cha waya nje ya bodi. Kiungo kiwe ndani. Kama lazima kiwe nje, waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia tunduni, ili tone lidondokee hapo. Tundu lizibwe kwa silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba. Na kwa magari yanayooshwa kwa pampu ya presha, alama ya IP67 haitoshi. Hiyo inahusu kuzamishwa majini. Presha inahitaji IP69K, au muoshaji aelezwe asielekeze bomba kwenye kamera.

Taa ya REC inawaka, lakini hakuna kilichorekodiwa

Hili ndilo tatizo linaloumiza zaidi, maana linagundulika siku ya ajali. Taa ya REC inamaanisha mashine inajaribu kuandika. Ushahidi kwamba imeandika ni kucheza faili na kuliona. Usikabidhi gari kabla hujacheza dakika moja ya kila kamera, iliyorekodiwa gari likitembea.

Chanzo cha kwanza ni kadi ya uongo. Imeandikwa 128 GB, ndani ina 16. Inakubali kuandikwa mpaka inajaa, kisha inaandika juu ya yaliyopo huku ikitangaza kuwa nzima. Kabla ya kuiweka garini, ijaze kadi yote kwenye kompyuta kwa programu ya kupima uwezo, kama H2testw, kisha isomwe tena. Kwa 128 GB zoezi hili huchukua saa kadhaa, lifanye usiku. Chagua kadi zilizotengenezwa kwa kamera za ulinzi, zenye maandishi ya ustahimilivu. Kadi ya simu haikuumbwa kuandikwa saa kumi na nne kwa siku.

Cha pili ni hesabu. Kila megabiti 1 kwa sekunde ni GB 0.45 kwa saa. Kamera nne za 720P kwa megabiti 1.5 kila moja ni 6 kwa jumla, yaani GB 2.7 kwa saa. Basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam likirekodi saa 14 linatumia karibu GB 38. Kadi ya 128 GB inashika siku tatu tu, kisha inaanza kufuta za mwanzo. Ukipandisha kamera hadi 1080P kwa megabiti 3, unabaki na siku moja na nusu. Tajiri anayeletewa malalamiko ya abiria wiki moja baadaye anahitaji diski ya 1 TB, ambayo kwa mpangilio ule wa kwanza inashika siku 26 hivi. Mfanyie hesabu hii kabla ya kumuuzia.

Cha tatu, matuta. Kamera za kioo cha mbele zina kihisi cha mtikisiko kinachofunga faili lisifutwe. Kikiwekwa kwenye unyeti wa juu, kila tuta na kila rasta kati ya Igawa na Mbeya ni "ajali". Kadi inajaa faili zilizofungwa, na kamera inaacha kurekodi. Weka unyeti wa chini, kisha ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Kuifomati kwenye simu huleta mpangilio ambao kamera haiutambui.

Cha nne ni mtikisiko na joto. Malori ya magogo ya Mufindi na Ludewa huitikisa diski ya kuzunguka mpaka inapasuka sehemu. Hapo weka SSD (diski isiyozunguka), na rekoda ikae kwenye mipira yake, imelala kama ilivyoelekezwa. Usiifunge chini ya kiti cha mbele cha Hiace, injini iko hapo hapo. Diski za kuzunguka za kawaida zimepangiwa nyuzi 0 hadi 60, na sehemu hiyo inazikaribia 60. Kwa upande mwingine, asubuhi yenye jalidi kule Makete baadhi ya rekoda huchelewa kuanza mpaka diski ipate joto. Hiyo si hitilafu.

Saa haiko sawa

Tofauti ikiwa saa tatu kamili nyuma, rekoda inasoma saa ya setelaiti bila kuongezewa majira yetu. Weka GMT+3. Ikirudi mwaka wa kiwandani kila asubuhi, betri ndogo ya ndani imekwisha.

Anayetafuta tukio akumbuke pia kwamba mashine haijui saa za Kiswahili. Dereva akisema ilikuwa saa mbili usiku, tafuta 20:00. Akisema saa nane mchana, tafuta 14:00.

Setelaiti na mtandao

Antena ya GPS ikae juu ya dashibodi, uso juu, mbali na paa la chuma na tinti yenye madini. Itoe gari nje ya banda la mabati, usubiri dakika kadhaa. Spidi ikibaki sifuri, angalia kama antena mbili, ya GPS na ya mtandao, hazijabadilishana matundu.

Kwa mtandao, laini iwekwe kwanza kwenye simu: imesajiliwa, ina bando, haina PIN. Kisha APN (jina la njia ya intaneti) ya kampuni ya simu husika, anwani ya seva, na namba ya kifaa ileile iliyoingizwa kwenye mfumo. Rekoda iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa mawimbi ya 4G ya hapa, kwa hiyo uliza toleo kabla ya kununua. Kutazama kamera moja mubashara kwa picha ndogo ya kilobiti 256 hula karibu MB 115 kwa saa. Mtandao ukikatika milimani kurekodi kunaendelea, kwa sababu picha ziko kwenye diski.

Imeungua ghafla

Uliza maswali matatu: kuna aliyechomelea chesisi? Kuna aliyechomoa betri injini ikiwaka? Kuna aliyebusti gari la volti 12 kwa lori la volti 24? Kila kimoja kinaweza kuua rekoda au kamera, na la tatu huua hasa vifaa vya volti 12 pekee. Kabla ya kuchomelea, chomoa plagi kubwa ya umeme na plagi zote za kamera. Kuondoa fyuzi pekee hakutoshi, kwa kuwa umeme wa kuchomelea hupita kwenye ethi.

Kifaa cha LATRA usikiguse

Mabasi ya masafa yana kifaa cha VTS, yaani cha kufuatilia mwendo wa gari, cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), chenye kitufe cha kumtambua dereva. Usichukue umeme kwenye nyaya zake, usishirikishe fyuzi yake, usiihamishe antena yake. Rekoda ya mwenye gari iwe na njia yake yote. Pia bandika tangazo mlangoni kwamba ndani kuna kamera, na kama kuna maikrofoni, liseme hivyo. Sauti na sura za abiria ni taarifa zao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ajali imetokea, picha zisipotee

Adui mkubwa hapa ni rekoda yenyewe, ikiendelea kuandika mpaka inafuta kilichotokea. Kwanza gari lizimwe kwa ufunguo, na isubiriwe taa ya REC izime. Betri ikiwa imekatwa na ajali, acha: rekoda nzuri ina akiba ya umeme ya sekunde chache kufungia faili. Kisha toa kadi au diski, weka nyingine mahali pake kama gari litaendelea kutembea.

Usiifungue diski hiyo kwenye kompyuta na kukubali inapokuomba uifomati. Rekoda nyingi hutumia mpangilio wake wenyewe ambao kompyuta haiutambui. Irudishe kwenye rekoda ya aina hiyohiyo, unakili kwa flashi kuanzia dakika 30 kabla ya tukio hadi 30 baada, kamera zote, katika faili asilia. Nakala ya MP4 ni ya kutazama kwenye simu tu. Faili asilia ndilo lenye spidi, mahali na saa. Linganisha saa ya skrini na ya simu yako, uandike tofauti hiyo kwa dakika na sekunde kwenye karatasi, pamoja na namba ya gari na namba ya kifaa, na karatasi hiyo ikae na diski.